Ushairi na Sikio: Raymond Antrobus na Kazi Yake Miongoni mwa Viziwi

Utangulizi

Tangu zamani sikio limefanywa hakimu wa ushairi. Mshairi wa Kiswahili anayefuata kaida za jadi hupimwa kwa vina vinavyolingana na mizani inayotimia, na vyote viwili hutambuliwa kwanza kwa kusikia. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi iliyotolewa mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Hata walipojitokeza watunzi wa mashairi huru, kama vile Euphrase Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka 1974, mjadala uliozuka ulihusu hasa ni mpangilio upi wa sauti unaofaa kuitwa shairi. Haikuulizwa sana itakuwaje ikiwa mtunzi mwenyewe ni kiziwi.

Swali hilo limeulizwa kwa nguvu nchini Uingereza katika kazi ya Raymond Antrobus, mshairi mwenye asili mbili, ya Jamaika na ya Uingereza, ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Makala haya yanakusudia kueleza kazi yake kwa pande mbili: utunzi wake, na huduma yake kwa jamii katika shule, katika mikutano ya kughani na katika vitabu vya watoto. Hoja kuu ni kwamba pande hizo mbili hazitengani. Kwa kawaida mzigo wa kuelewana hutwikwa yule asiyesikia: yeye ndiye anayetakiwa kukaza macho, kukisia, kuomba radhi na kuomba arudiwe. Antrobus, katika shairi na katika darasa, anaugawa mzigo huo upya na kumpa anayesikia sehemu yake.

Neno "kiziwi" limetumiwa katika makala haya kwa makusudi. Ingawa wapo wanaoliona kuwa kali, viziwi wenyewe wamelikubali na kulitumia katika majina ya vyama vyao, kama Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa wengi wao uziwi si kasoro ya mwili tu, bali ni uanachama wa jamii yenye lugha yake. Ndiyo sababu waandishi wengi wa Kiingereza huandika neno hilo kwa herufi kubwa wanapoitaja jamii hiyo, kama mtu anavyoandika jina la taifa.

Maisha na Malezi

Antrobus alizaliwa mwaka 1986 katika mtaa wa Hackney, mashariki mwa London, kwa mama Mwingereza na baba Mjamaika. Kwa miaka ya mwanzo watu wazima waliomzunguka hawakujua kwamba hasikii vema, na ikadhaniwa kwamba ana upungufu wa kujifunza. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi ndipo ukweli ulipobainika, akapewa vifaa vya kusaidia kusikia na kufundishwa matamshi na mtaalamu.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo watu wengi hulikosea. Uziwi si kama mlango ambao ama umefungwa ama umefunguliwa. Wapo viziwi wanaosikia sauti nzito na kukosa sauti nyembamba, na Antrobus ni mmojawapo: milio ya ndege, kwa mfano, humpita asipovaa vifaa vyake. Katika usemi, irabu huwa na nguvu zaidi na hubebwa na sauti nzito, hali baadhi ya konsonanti, kama s, f na sh, hukaa katika sauti nyembamba. Mtoto wa namna hiyo husikia kwamba mtu anasema, na hata akalitambua lahani, lakini maneno humfikia yakiwa na matundu. Akijibu kinyume cha alichoulizwa huitwa mjinga, au mkaidi. Hukumu hiyo ikishapitishwa darasani ni vigumu kuiondoa, na mtoto mwenyewe huweza kuiamini.

Kwa Antrobus tatizo hili la kutoeleweka lilikutana na jingine, la asili yake. Mtu mwenye mzazi mweupe na mzazi mweusi katika London huulizwa mara nyingi atokako, na jibu lake likatiliwa shaka na pande zote mbili. Shairi lake liitwalo "Jamaican British" linalichunguza jambo hilo kwa kuyakutanisha majina mawili ya taifa na kuyapindua tena na tena. Vivyo hivyo alisimama kati ya wasikiao na viziwi: alisoma katika shule ya viziwi kaskazini mwa London na pia miongoni mwa watoto wanaosikia, akajua kusema na kujua lugha ya ishara. Hapana shaka kwamba msimamo huu wa kati ndio uliompa jicho la kuona kazi inayofanywa na kila upande ili kumfahamu mwenziwe, na kazi isiyofanywa.

Kusikia kwa Macho

Kiziwi anayesoma midomo hutumia macho kujaza matundu ya masikio, lakini macho nayo yana mipaka. Konsonanti p, b na m hutamkwa kwa kufumba midomo yote miwili, na tofauti zake zimo ndani ya koo na pua, mahali pasipoonekana. Kwa hiyo Mswahili asomaye midomo huona maneno "baba", "mama" na "papa" kama neno moja. Sharti akisie kwa muktadha ni mzazi yupi anayetajwa, au kama ni samaki.

Mkanganyo wa namna hii ndio msingi wa kitabu cha watoto alichokiandika Antrobus, Can Bears Ski?, kilichotoka mwaka 2020 kikiwa na picha zilizochorwa na Polly Dunbar. Mhusika mkuu ni dubu mdogo ambaye kila mara huulizwa swali asilolielewa. Watu humwuliza kama anawasikia. Yeye huona na kusikia swali jingine kabisa, kama madubu wanaweza kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni. Katika Kiingereza maswali hayo mawili yanakaribiana kwa sauti na kwa umbo la midomo. Msomaji mtoto hucheka, kisha akafahamu kwamba dubu hakuwa mjinga: alikuwa akijibu kwa uaminifu kile kilichomfikia.

Mwaka 2022 mwigizaji kiziwi Rose Ayling-Ellis alikisimulia kitabu hicho kwa Lugha ya Ishara ya Uingereza katika kipindi cha hadithi za kulala cha televisheni ya watoto ya BBC. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mashuhuri kusimulia hadithi katika kipindi hicho kwa lugha hiyo. Usiku huo mtoto anayesikia ndiye aliyehitaji kusaidiwa kwa maandishi na sauti, na mtoto kiziwi ndiye aliyeitazama hadithi moja kwa moja katika lugha yake. Jambo hilo ni dogo kwa kipimo cha saa, lakini laonyesha kwa mfano kile ambacho Antrobus hukitafuta.

Urudiaji Kama Sanaa

Baada ya kijitabu To Sweeten Bitter cha mwaka 2017, diwani iliyomtambulisha Antrobus kwa wengi ni The Perseverance, iliyotolewa mwaka 2018. Jina hilo lina maana ya ustahimilivu, lakini pia ni jina la baa moja ya Hackney ambamo baba yake alikuwa akinywa. Katika shairi lenye jina hilohilo mtoto anaachwa nje ya baa akimngoja baba aliyeahidi kutoka upesi. Shairi limetungwa kwa muundo wa sestina, ambao hauna vina vya kawaida: maneno sita yanayofunga mishororo ya ubeti wa kwanza hurudi katika kila ubeti kwa mpangilio mpya. Maneno yaleyale yanarudi, kama mtoto anavyoutazama tena na tena mlango uleule.

Shairi jingine, "Happy Birthday Moon", limetumia muundo wenye asili ya Kimalei, pantun, ambamo mishororo mizima ya ubeti mmoja hurejea katika ubeti unaofuata. Humo baba anamsomea mwanawe kitabu huku mtoto akifuata kidole chake juu ya ukurasa. Baba ni yuleyule aliyekawia katika baa. Shairi moja halifuti jingine, wala mshairi hamhukumu mzazi wake, ambaye alifariki mwaka 2014.

Urudiaji huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika ushairi wa jadi wa Kiswahili kibwagizo na vina hurudia sauti ili kulipendeza sikio na kuisaidia kumbukumbu. Katika maisha ya kiziwi urudiaji ni haja: asiposhika jambo mara ya kwanza, huomba lisemwe tena. Miundo anayoichagua Antrobus yaweza kuelezwa kuwa inaigeuza haja hiyo kuwa sanaa. Kilichompita msikilizaji katika ubeti wa kwanza kitamrudia katika wa pili, bila yeye kulazimika kuomba radhi.

Wataalamu wa lugha za Kibantu hawana budi kulitambua jambo hili, maana sarufi yenyewe hufanya kazi kama hiyo. Katika sentensi "Watoto wale wawili wamelala", wazo la wingi limetajwa mara nne. Asiyelishika neno la kwanza ataipata hesabu katika la pili au la tatu. Katika Kiingereza wingi wa nomino nyingi huning'inia kwenye s moja ya mwisho, nayo ni mojawapo ya sauti zile nyembamba zinazowapita viziwi wengi. Kumbe ugumu anaoupata mtoto kiziwi hautoki katika sikio lake peke yake. Hutoka pia katika umbile la lugha anayosemeshwa.

Historia ya Kunyamazishwa

Ili kuifahamu hasira iliyomo katika The Perseverance ni lazima kurudi nyuma. Mwezi Septemba mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, nchini Italia, wakapitisha maazimio kwamba usemi wa mdomo ni bora kuliko ishara, na kwamba ishara zisitumiwe katika kufundisha. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Kwa miaka mingi baadaye, katika nchi nyingi, watoto viziwi walikatazwa kutumia mikono yao darasani, na wengine wakaadhibiwa. Alexander Graham Bell, ajulikanaye kwa simu, alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa elimu ya mdomo, naye anatajwa katika ushairi wa Antrobus kwa sababu hiyo.

Wataalamu wa isimu nao walichelewa. Hadi William Stokoe alipotoa uchunguzi wake mwaka 1960 kuhusu lugha ya ishara ya Marekani, wengi waliziona ishara kuwa maigizo tu. Stokoe alionyesha kwamba kila ishara inaweza kuchanganuliwa katika viungo vidogo: umbo la mkono, mahali pa mwili na mwendo. Serikali ya Uingereza iliitambua Lugha ya Ishara ya Uingereza kuwa lugha kamili mwaka 2003, na sheria ya kuithibitisha ikapitishwa mwaka 2022. Yale maazimio ya Milan yalikanwa rasmi na mkutano wa kimataifa wa waelimishaji wa viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010, baada ya miaka 130.

Antrobus alikutana na historia hii ndani ya fasihi yenyewe. Ted Hughes, aliyekuwa mshairi mkuu wa Malkia hadi alipofariki mwaka 1998, aliwahi kuandika shairi kuhusu shule ya viziwi. Watoto wanatazamwa humo kwa jicho la mgeni, wakielezwa kama viumbe wepesi wa mwili na wapungufu wa ndani. Katika The Perseverance Antrobus aliliweka shairi hilo lote, kisha akaufunika kila mshororo kwa mstari mweusi. Msomaji anauona urefu wa mishororo asiweze kuisoma, ndiyo kusema anawekwa kwa dakika moja mahali pa kiziwi, mbele ya usemi ulio wazi kwa wengine na uliofungwa kwake. Shairi linalofuata linamjibu Hughes. Mwaka 2019 diwani hiyo ikapata tuzo inayoitwa kwa jina la Ted Hughes. Waamuzi walimtunza mshairi kwa kitabu kilichomfuta yule ambaye tuzo imeitwa kwa jina lake, na hapo yaonekana kwamba fasihi hai huweza kuustahimili upinzani wa ndani. Mwaka huohuo ilipata pia tuzo ya Rathbones Folio, ambayo haikuwa imepewa mshairi kabla yake.

Katika diwani hiyohiyo limo shairi ambalo ni jaribio la tafsiri kutoka lugha ya ishara, mazungumzo na mwalimu wa sanaa. Mshairi ameuacha mpangilio wa ishara bila kuunyoosha kwa sarufi ya Kiingereza. Msomaji Mwingereza huenda akauona usemi huo umevunjika. Lakini tazama mfano mmoja mwepesi: katika Lugha ya Ishara ya Uingereza, kuuliza jina la mtu, neno la kuulizia huja mwisho. Mswahili asemaye "Jina lako nani?" haoni kioja chochote hapo. Kinachoitwa kuvunjika kwa lugha mara nyingi ni utaratibu mwingine tu.

Kazi ya Jamii

Antrobus alianza katika ushairi wa jukwaani kabla ya kutoa vitabu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chill Pill, mikutano ya kughani iliyowapa nafasi vijana wa London, na wa baraza la washairi katika nyumba ya Hampstead alimoishi John Keats miaka ya 1818 hadi 1820. Kwamba vijana wa mitaa ya London walighani katika nyumba ya Keats si jambo la mapambo. Mwaka 2005 ripoti moja iliyoitwa Free Verse ilionyesha kwamba washairi weusi na wenye asili ya Asia hawakufikia hata asilimia moja ya waliochapishwa na mashirika makubwa ya Uingereza. Kutokana na ripoti hiyo mwandishi Bernardine Evaristo alianzisha mpango wa The Complete Works, ambao uliwaunganisha washairi chipukizi na washairi wazoefu. Antrobus alikuwa katika kundi la tatu la mpango huo.

Jambo lenye uzito zaidi ni kazi yake shuleni. Chuo cha Goldsmiths cha London kilianzisha shahada ya uzamili katika elimu ya ushairi wa jukwaani, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuipata. Msingi wa mafunzo hayo ulikuwa kwamba mshairi asiwe mgeni wa siku moja, anayekuja, akaghani, akapigiwa makofi na kuondoka. Mshairi aliwekwa shuleni kwa muda mrefu, akafanya kazi bega kwa bega na walimu, akawajua wanafunzi kwa majina. Mwanafunzi huandika, husoma mbele ya wenzake, husikilizwa, kisha huandika tena.

Faida ya utaratibu huo kwa mtoto asiyependa shule yaeleweka. Mtoto aliyekwisha kuhukumiwa kuwa mzito haulizwi mara nyingi ana la kusema. Huulizwa tu kama amefahamu. Katika darasa la ushairi swali linageuka: wengine ndio wanaotakiwa kumfahamu yeye. Mwalimu aliyepita njia hiyo mwenyewe, aliyedhaniwa mpungufu kwa sababu hakusikia, ana sababu ya kutoikubali hukumu ya haraka. Mashairi yake sasa yameingia katika vitabu vya mitihani ya sekondari vya Uingereza, na mwaka 2021 alipewa nishani ya MBE kwa huduma yake katika fasihi.

Huduma hiyo haikukomea mipakani mwa London. Katika mashairi yake amewakumbuka wanawake watatu viziwi waliouawa nchini Haiti mwaka 2016, na Daniel Harris, kiziwi aliyepigwa risasi na polisi mwaka huohuo katika jimbo la North Carolina, Marekani. Wasiokuwa na lugha ya kuelewana na mwenye silaha hupata hasara kubwa kuliko alama za darasani.

Katika diwani yake All the Names Given, ya mwaka 2021, Antrobus amelichunguza jina lake mwenyewe, ambalo ni la upande wa mama na pia ni jina la kijiji cha Cheshire. Kati ya mashairi ameweka maandishi mafupi ndani ya mabano, mfano wa yale yanayoandikwa chini ya picha za filamu kwa ajili ya viziwi, akifuata nyayo za msanii kiziwi Christine Sun Kim. Maandishi hayo yanataja sauti ambazo hakuna sikio linaloweza kuzisikia, na hapo msikiaji na kiziwi wanakuwa sawa: wote wawili hawana budi kusoma. Mnamo 2025 alitoa The Quiet Ear, kitabu cha kumbukumbu kinachoeleza kwa nathari safari hii yote.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Antrobus hakuutupa usikivu katika ushairi, ameupanua. Shairi laweza kusikika, laweza kuonekana, na laweza kurudi kwa aliyelikosa mara ya kwanza. Imeonyeshwa pia kwamba kazi yake ya jamii ni mbinu ileile iliyohamishwa kutoka ukurasani hadi darasani.

Kwa wanafunzi wa lugha za Afrika suala hili si geni wala la mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inalitaka taifa kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyopewa cheo hicho yastahili kuchunguzwa pia kama lugha ya fasihi. Wachunguzi wa ushairi wa ishara, tangu siku za Dorothy Miles nchini Uingereza, wamekwisha kueleza kwamba umbo moja la mkono likirudiwa katika ishara zinazofuatana hufanya kazi ya kina. Kazi iliyobaki ni kuketi na watunzi viziwi wa hapa nchini, kuzirekodi tungo zao kwa picha za mwendo, na kuuliza mizani yao hupimwaje. Kazi hiyo itamtaka mtafiti anayesikia ajifunze kwanza lugha ya wale anaotaka kuwasoma.